Uduvi Waliokufa Kwanza

Huku Mbeere, chini ya Kiritiri, mvua ikikosa misimu miwili mfululizo kijiji chetu hubaki na chemchemi moja. Maji hutoka kwenye ufa wa mwamba, yakajaza kidimbwi chenye upana wa kitanda, kisha yakapotelea mchangani. Mimi ni mwalimu wa biolojia, na nimeolewa katika boma lililo karibu na hapo. Kidimbwini waliishi konokono wadogo kama punje za wimbi, na uduvi wasio na rangi, ambao unawajua kwa vivuli vyao tu. Mtafiti aliyewahi kupita aliniambia kwamba huenda uduvi hao hawapatikani kwingine kokote, na kwamba maji yakiharibika, wao hufa kwanza.

Asubuhi moja ya ukame uliopita nilikuta akina mama wamepanga foleni na mitungi, mama mkwe wangu akiwa mbele, kata mkononi. Nikachungulia majini. Uduvi walikuwa wanaelea, wamejikunja, weupe kama wali uliomwagika. Konokono walikuwa wamepanda jiwe, wakatoka nje ya maji kabisa.

"Mama, usichote. Maji yana sumu."

Akainusa kata. "Hayanuki. Mbuzi hawajanywa tangu jana."

"Mwalimu," mama mmoja akapaza sauti nyuma yake, "wadudu wakifa ndiyo sisi tukae na kiu?"

Foleni ikasogea. Sikuwa na kipimo chochote, na mto uko mbali. Vipi kama nilikuwa nimekosea? Mama mkwe akainua kata ili aonje. Nikampokonya, nikamwaga maji chini.

Kwetu mtu hampokonyi mama mkwe wake kitu. Aliwatazama konokono waliopanda jiwe, kisha akageukia watu.

"Nani alipuliza dawa ya wadudu kwenye shamba la muguka jana?"

Jirani yetu, aliyekuwa ameshika punda wake, alitazama chini. "Ni mimi. Nilioshea pampu pale juu ya mwamba. Sikujua maji yanashuka mpaka hapa."

Ndipo mtu akakumbuka kwamba kuna aliyetangulia kuchota, akaondoka kukiwa bado na ubaridi: binti aliyeolewa mwaka juzi, mwenye mtoto mchanga.

Nilitupa mitungi yangu nikakimbia, miiba ikinichana leso. Nilimkuta jikoni, anakoroga uji.

"Mtoto amekunywa?"

"Maji kidogo tu. Ametapika. Nilidhani ni meno."

Jirani yule wa pampu alitufuata na pikipiki, akatupeleka hospitali sisi watatu. Daktari alimlaza mtoto, akamtundikia dripu. Tulikaa kwenye benchi, mama yake akinibana vidole mpaka vikafa ganzi. Alasiri mtoto alilia kwa nguvu akitaka kunyonya, na sote wawili tukalia naye.

Kwa siku kadhaa tuliteka maji mtoni huku wanaume wakikomba kidimbwi na kuchimba mtaro wa kukinga maji ya juu. Sasa hakuna anayeoshea pampu mwambani. Konokono walirudi majini. Uduvi, hata mmoja, sijamwona.

Mama mkwe hakuniongelesha mpaka Jumapili, tulipokuwa tukitoka kanisani.

"Wale weupe," akaniuliza, "hawawezi kuwa wamebaki wengine ndani ya mwamba?"

Nilimwambia sijui. Akasema twende tukaangalie, na tukashuka huko tukiwa bado na nguo za kanisa.