Nilivyojaribu Keria ya Baiskeli Sokoni Busia

Shule niliiacha mapema, lakini baiskeli naijua. Nimebeba watu hapa mpakani tangu meno yangu yakiwa yote. Basi juzi mwanangu alipopata mchumba Kirewa, nikasema siendi kwa wakwe na baiskeli yangu ya tairi nyembamba. Njia ile ni changarawe na mawe matupu.

Sokoni Busia nikachagua moja ya tairi nene, spoku zimekaza vizuri. Lakini baiskeli ya njia mbaya huijui mpaka ibebe mtu. Karibu hapo kulikuwa na mama mmoja mnene, ananunua omena.

"Mama, nisaidie. Kaa kwa keria kidogo."

"Mzee, utaniangusha."

"Nimebeba wazito kukushinda. Shika kiuno tu."

Akacheka, akakaa, akashika. Nikampitisha kwenye mawe nyuma ya soko mara mbili. Keria haikulia hata kidogo, nikainunua.

Jumamosi tukafika Kirewa. Sasa, kwetu mkwe haguswi. Hata mkono humpi, mnasalimiana kwa mbali, na ukikosea hapo posa inaweza kukataliwa. Nikakaa na adabu zangu zote, macho chini, mwanangu kando anatoka jasho. Wakamwita mama wa msichana. Akasimama mlangoni, akaitazama baiskeli, akanitazama mimi.

"Wazee," akasema, "huyu mtanifundisha vile nitamsalimia kwa mbali. Kiuno chake nimeshakishika."