Ubavu Mmoja wa Kiherehere

Mtaani walimwita Saluni, kwa kuwa alikuwa kinyozi, ila wateja wake wote walikuwa na mikia. Alikuwa amezeekea juu ya meza ileile, katika chumba cha nyuma kinachonuka sabuni na mbwa aliyelowa. Siku hizi vidole vyake viliamka na ganzi, na ganzi hiyo ilichelewa kuondoka.

Asubuhi hiyo aliletewa Kiherehere, mbwa mdogo wa aina ya teria, mali ya mwalimu mstaafu. Mbwa hawa asili yao ni mashambani. Walizalishwa waingie mashimoni kuwafuata panya na mbweha. Ndiyo maana miguu ni mifupi, taya ni kama koleo, na mkia ni mnene wa kushikika, mtu amvute nao mbwa akinasa shimoni. Manyoya ya juu ni magumu kama brashi ya viatu, mwiba usipenye. Ya chini ni laini. Na tabia? Hajui kuwa ni mdogo, wala hakuna aliyethubutu kumwambia. Kabla hajapandishwa mezani alikwisha kutafuna kitana.

"Mwalimu, huyu umemlea au umemchochea?"

"Nimefundisha watoto wa watu wakanisikia. Huyu ndiye aliyenishinda," mzee alicheka. "Jioni nampitia. Wajukuu wanakuja, nataka wamkute nadhifu."

Manyoya ya teria hayanyolewi. Yaliyokufa hung'olewa kwa vidole, kidogo kidogo, ndipo mapya yaote magumu. Ukipitisha mashine, mbwa atapendeza leo. Baadaye yataota malegevu, yamefifia rangi, yananasa kila tope. Na mwenye mbwa hatajua nani kamharibia.

Kufikia adhuhuri Saluni alikuwa amemaliza ubavu mmoja. Kidole gumba kikagoma. Mdogo wake, aliyefanya kazi pamoja naye, akaweka taulo chini.

"Dada, mashine ile pale."

"Niache."

"Nani atajua? Mwalimu haoni bila miwani, na miwani yenyewe huisahau."

"Mimi nitajua."

"Basi jua, halafu ukapumzike!"

Saluni akaichukua mashine, akaiwasha. Mngurumo wake ulimpanda mkononi kama faraja. Uchovu ni wakili hodari: humtetea mtu kwa kosa ambalo bado hajalitenda. Kiherehere, aliyekuwa akibishana tangu asubuhi, akatulia, akamwachia ubavu uliobaki.

Saluni akaizima.

Jioni mwalimu alimkuta mbwa upande mmoja bwana harusi, upande wa pili fagio kuukuu.

"Nini hiki?"

"Nusu, Mwalimu. Mikono imenishinda. Kwa mashine ningemaliza, lakini ningekuharibia mbwa. Mlete keshokutwa nimalizie."

"Na wajukuu wangu?"

"Wamtazame kutoka kushoto."

Mwalimu hakucheka. Alisema kazi ukiipokea unaimaliza, au unasema mapema kwamba huiwezi. Na katika hilo hakukosea. Akatoka akiburutwa na Kiherehere, aliyekuwa akilibwekea lori. Hakusema kama atarudi.

"Umempoteza huyo," mdogo wake alisema.

"Huenda." Saluni alitumbukiza mikono katika beseni la maji ya moto, akafumba macho. "Akija teria mwingine, utang'oa wewe. Nitakaa hapo nikuelekeze."

"Mimi? Na vidole vyangu hivi vizuri?"

"Ndivyo ninavyovitaka."