Pozi la Jirani Yangu

Mimi ni mchoraji, na kazi yangu naifanyia nyumbani, mtaani Katuba. Mwaka ule nilikuwa na kijitabu cha shule kuhusu maji safi. Mhusika wake alikuwa mama mnene mwenye kitambaa kichwani, na nilitakiwa kumchora akiteka maji, akichemsha, akinawa, akimnywesha mtoto. Sura ileile kila ukurasa. Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Ndipo mwenzangu wa kazi akaniwekea kwenye kompyuta programu ya akili bandia. Unaipa picha ya mtu, unaiambia pozi unalotaka, nayo inamgeuza.

Niliijaribu mchana mmoja, mlango ukiwa wazi kwa sababu ya joto. Mama wa kijitabu alisimama. Akaketi. Alipoinama alitoka na vidole sita, nikacheka peke yangu. Kisha nikaweka picha yangu mwenyewe, nimesimama ukutani, nikaiambia inipigishe magoti. Mikunjo ya kitenge ilikaa sawasawa mapajani, kivuli kikaanguka mahali pake, na uso ulikuwa wangu kabisa, umetulia, kama wa mtu aliyekubali jambo. Sikucheka tena.

"Kumbe inafanya hata bantu ba kweli," sauti ilisema nyuma yangu.

Alikuwa shemeji wa jirani yangu. Jirani mwenyewe alikuwa mjane, mshonaji. Ukuta mmoja tu ulitutenganisha. Tangu mumewe azikwe, huyu mdogo wa marehemu alikuwa haishi kuja kuitazama ile lupango, kiwanja alichoachiwa mjane, akiupima uwanja na nyumba kwa macho. Siku hiyo hakwenda kwa mjane. Alivuta kiti, akatoa simu, akanionyesha picha ya yule mjane kwenye harusi ya bintiye, amevaa kitenge cha kijani, anacheza.

"Mama, na huyu unaweza kumubadilisha pozi?"

"Pozi gani?"

"Anainama ku makaburi. Anachota udongo na mukono."

Kwetu, anayechota udongo wa kaburi ni mchawi, na mchawi hapewi nafasi ya kujieleza.

"Hapana, baba. Ile hapana."

"Ni kujaribu tu," alisema akitabasamu. Akasogea karibu na skrini, akalisoma jina la programu kwa sauti ndogo, polepole, kisha akaaga kwa heshima zote.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mjane. Nilipomaliza kumweleza, aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Ile foto ni ya mariage ya mutoto yangu," alisema. "Nilifurahi sana ile siku."

Jumapili, watu wakitoka kanisani, simu zikaanza kulia kwa picha iliyosambazwa. Kitenge cha kijani kilekile, hereni zilezile, mkono umezama udongoni. Nilipofika nyumbani, vijana walikuwa wamejaa langoni kwa mjane na mawe mikononi. Hakuna aliyekuwa amerusha. Walikuwa wanasubiri tu mmoja aanze.

Alasiri ile wazee wa ukoo waliitisha kikao uani kwa mjane. Nilikwenda na kompyuta yangu, nikawaonyesha picha ya harusi aliyonipa mjane.

"Kitenge moja, mutu anaweza kukivaa mara mbili," shemeji alisema, na watu wakaitikia kwa vichwa.

Nikamgeukia baba mkubwa wa marehemu, mzee aliyekuwa akiongoza kikao. "Baba, naomba ruhusa nikupige foto."

Aliruhusu, akiwa ameketi na fimbo yake. Baada ya muda mfupi niliwageuzia kompyuta. Mzee alikuwa makaburini, ameinama, kofia yake kichwani, udongo umejaa kiganjani. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mzee aliitazama ile picha mpaka nikaogopa.

"Huyu ni miye," alisema. "Na kule sikufika."

Akamtazama mdogo wa marehemu, naye akatazama chini. "Mama abakie mu nyumba yake." Kisha akaniambia, bila kuniangalia, "Na ile, futa. Futa sasa."

Nilifuta mbele yake. Vijana wakatawanyika, kila mmoja na jiwe lake.

Lakini wateja hawakurudi kwa mjane. Picha ni ya uongo, walisema, ila kwa nini yeye? Usiku fulani kitu kilianguka kwenye bati lake, na usiku mwingine tena. Mvua za kwanza ziliponyesha alipakia cherehani kwenye lori, akaenda kuishi kwa mdogo wake, huko Kasomeno.

"Nyumba balinipatia," aliniambia langoni. "Usingizi, hapana."

Mimi nilikimaliza kijitabu kwa mkono. Siku hizi nikiinua simu kwenye sherehe, akina mama huwavuta binti zao nyuma, na hakuna anayeniambia sababu. Ng'ambo ya ukuta shemeji amehamia na familia yake. Asubuhi hunisalimu vizuri sana.

"Mama, kazi inaendelea?"

Namjibu kwamba inaendelea.