Jina la Avenue Yetu

Avenue yetu hapa Goma inaitwa Lumumba, na ole wako Mahamudi akusikie ukiiita vingine. Mahamudi, baba yake Kitwana, ndiye chef d'avenue, yaani kiongozi wetu wa mtaa. Volkano ya 2002 ilipoufunika mtaa, wengine tulirudi kutafuta sufuria. Yeye alirudi na ubao na rangi, akasimika kibao kipya juu ya lava kabla hata hajachimba choo. Mkewe Alima hajamsamehe choo kile mpaka leo.

"Wale wa uhuru," hupenda kutuambia, "walipita gereza kwanza, njo wakaongoza. Hawa wa leo wanaongoza kwanza, kisha wanakimbia gereza." Akimaliza anaanza upya. Mimi ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na ukuta wenyewe ni mbao, kwa hiyo nimeisikia hotuba hiyo hata nikiwa naoga.

Mwaka 2012 waasi walipoingia, kamanda wao aliagiza avenue ibadilishwe jina. Mahamudi akajibu sawa kabisa, leteni rangi. Waasi waliondoka mjini kabla rangi haijafika.

Lakini shida ya avenue yetu haikuwa jina, ilikuwa giza. Lava ina meno. Mama zetu hupanda na bidoni za maji kutoka ziwani jioni, na Alima alishaanguka mara mbili. Mara ya pili goti lilivimba akawa anatambaa kwenda jikoni.

Kwa hiyo Florent, mgombea ubunge, alipotokea na taa kubwa ya sola juu ya pickup, nguzo yake na mpiga picha wake, tulishangilia kama wendawazimu. Alitaka kitu kimoja tu: avenue iitwe kwa jina lake.

Mahamudi akajikohoza.

"Honorable, hii avenue tunapatiaka jina ya mutu mwenye alikufa juu ya inchi yetu. Ya kwako tutaandika bila shida. Weye tu utuambie siku gani."

Watu walicheka mpaka kamera ikamtikisika mpiga picha. Florent hakucheka. Aliamuru gari ligeuzwe, na taa ilipoanza kuondoka, kicheko kikatukauka mdomoni.

Alima akaenda kusimama mbele ya pickup na goti lake bovu. Jina la mgombea liandikwe kwenye nguzo ya taa, akasema, barabara tumwachie marehemu. Florent akautazama umati, akakumbuka kura, akakubali. Taa ikasimikwa siku ileile. Mahamudi alinuna wiki nzima. Akawa anapita nyuma ya nguzo ili asilisome lile jina.

Januari 2025 vita ikatuingilia mjini. Umeme na maji vikakatika. Florent, mheshimiwa kamili wakati huo, alikuwa ameshavuka ziwa bila kumuaga hata mlinzi wake. Mahamudi aliposikia, karibu acheze. Sisi tunazika watu, yeye anafurahi kwamba hotuba yake imetimia! Nilimkasirikia sana, nasema kweli.

Jioni moja akaja kuazima ngazi yangu. Akapanda na brashi kufuta jina la Florent kwenye nguzo.

"Si niliwaambia?" akatupigia kelele kutoka juu. "Lumumba aliuawa, huyu amekimbia na viatu vyake vyote!"

Alima alikuwa anatoka ziwani, bidoni mgongoni, anapanda polepole katika mwanga wa ile taa, maana mtaa mzima hapakuwa na nyingine iliyowaka. Alifika chini ya ngazi akasimama.

"Papa Kitwana," akasema, "weye unatafutaka mutu wa kufa. Miye nilitafuta tu fasi ya kukanyaga bila kuanguka."

 Mahamudi alishuka bila kufuta hata herufi moja, akampokea mkewe bidoni.