Nilimwigiza mwanangu msibani, kumbe amesimama nyuma yangu

Msinihurumie. Nimekosa, tena kwa mdomo huu huu ambao watu wamenisifia tangu niko msichana. Kusoma sijui. Mimi naongea, jirani yangu Mama Zuhura mwenye duka anaandika. Nimemwambia, andika nilivyosema, usinipambe!

Huku kwetu upande wa Nkoma wananijua. Sauti ya mtu nikiisikia mara moja nimeshaichukua. Mwenyekiti wetu anavyokohoa kabla hajadanganya, naweza. Karani wa pamba naweza: "Mama, mzani haujakosea, macho yako ndiyo yamezeeka!" Watu wanashika mbavu. Nilikuwa nalala vizuri siku nimechekesha.

Nina binti. Nitamwita Kabula, siyo jina lake. Alirudi nyumbani ndoa ilipomshinda, akawa anauza dagaa mnadani. Siku moja dume la ng'ombe likakata kamba katikati ya watu. Watu mbio! Wakaangukiana, Kabula yuko chini yao. Walipomtoa alikuwa mzima, kakwaruzika kiwiko tu. Nikasema Mungu mkubwa, yamekwisha.

Hayakwisha. Mnada uliofuata alifika kwenye mitumba, akarudi analia, ananiita Mayu, ndiyo mama kwa Kisukuma. "Mayu, moyo umekwenda mbio, mikono imekufa ganzi, pumzi haipiti. Nimejua nakufa." Mnadani akaacha kwenda. Baadaye akaacha barabara. Baadaye kisima. Mwisho akawa anaishia mlangoni, kashika fremu kama mtu aliye juu ya mti.

Mimi nikasemaje? Nikasema, Msukuma anaogopa ng'ombe! Aibu gani hii! Kwa akili zangu nikaenda zizini, nikamleta ng'ombe wetu mmoja mpole, nikamfunga mbele ya mlango wake. "Kaa naye hapo mpaka mzoeane!"

Kabula akamshika shingo, akamkamua, akaniletea maziwa kwenye kibuyu. Akasema taratibu, "Mayu, siogopi ng'ombe. Naogopa ile hali inikamate mahali siwezi kutoka, na watu wananitazama."

Loo! Mtoto kanieleza ugonjwa wake wote pale, mbele yangu, na maziwa mkononi. Nami nikamrudishia kwa sauti yake ileile, nimelegeza shingo: "Mayuuu, wananitazaaama!" Akaingia ndani.

Mganga naye tulimleta. Akapiga ramli, akasema kwa sauti yake ya puani, "Huyu kafungwa na shangaziye." Akala mbuzi wetu akaondoka. Kabula akabaki mlangoni, na shangazi mtu hatusalimiani mpaka leo.

Mama Zuhura ndiye alinikalisha. Mdogo wake yalimpata hayo hayo, wakampeleka hospitali. Akaniambia, "Bibi, huu ni ugonjwa kama mwingine. Mtu akishtuka vibaya, mwili unabaki unapiga yowe hata hatari ikiisha. Akikimbia anapata nafuu, basi kesho anaogopa zaidi, na pa kwenda panapungua. Usimvute. Usimcheke. Mtoe kidogo kidogo, usimame naye mpaka ile hali ipite yenyewe, ajue haiui."

Nikasema nimesikia. Sikusikia! Yeye ndiye akaanza kuja, anamshika mwanangu mkono. Leo wanafika kwenye uzio wa minyaa, wanasimama, Kabula anatetemeka mpaka anatulia, wanarudi. Siku nyingine wanavuka uzio. Nami nimekaa kwenye kigoda nawaigiza wote wawili: "Vuta pumzi mwanangu, toa pumzi mwanangu!" Kama wanamfundisha mbuzi kusali! Mama Zuhura, hilo nalo liandike.

Ndipo ukatokea msiba kwa jirani. Huku kwetu kila nyumba inatoa mwanamke na unga wake, maji yake, kuni zake. Nyumba isiyofika inapigwa faini, na siku yenu mtachimba kaburi wenyewe. Nikaenda peke yangu. Tuko jikoni, sufuria kubwa za ugali zinachemka, mwanamke mmoja akanitupia: "Na yule mwali wenu wa ndani? Au maiti wetu hamtoshi?"

Wakanitazama wote. Nikaona aibu. Ningesema tu, mwanangu anaumwa. Ilinishinda nini, jamani?

Nikasimama. Nikashika nguzo ya lile banda la jikoni hivi, kwa mikono miwili. Nikatoa macho. Nikaanza kuhema: hee, hee, hee! "Mayu, nakufa! Mayu, barabara inanitazama! Mayu, nileteeni kisima ndani!" Msibani pale, wanawake walicheka mpaka wakafunika midomo kwa khanga. Mmoja aliangusha mwiko. Nikaongeza! Nikajitupa chini!

Nikasikia kicheko cha upande mmoja kimekatika. Nikageuka.

Kabula alikuwa amesimama na beseni la unga kichwani. Jasho linamtoka, khanga imeloa mgongoni. Mama Zuhura kamshika kiwiko. Alikuwa ametembea kutoka nyumbani mpaka pale, njia yote, katikati ya watu, ili nyumba yangu isipigwe faini. Hakuniambia. Alitaka nimwone tu kafika.

Akatua unga chini taratibu, hata haukumwagika. Akaniuliza, "Mayu, ndivyo ninavyoonekana?"



Halafu ile hali ikamkamata. Akashika nguzo ileile, akaanza kuhema. Na baadhi ya wale wanawake wakacheka tena! Walidhani ananijibu, walidhani na yeye anaigiza! Mama Zuhura ndiye aliyemfunika khanga usoni akamtoa. Mimi nilibaki chini na vumbi magotini.

Tangu siku ile hafiki hata mlangoni. Anaoga ndani kwa beseni. Mama Zuhura akija namsikia Kabula anaongea kwa kunong'ona. Nikisogea tu, ananyamaza. Mwanzo nilidhani ni hasira. Siyo hasira. Anaificha sauti yake nisiichukue. Chakula naacha kizingitini, chombo nakikuta kimeoshwa. Nimeomba niwe mimi wa kusimama naye. Jibu limeletwa na jirani: "Mwambie Mayu asije."

Ukiwa na mtu wa hivi nyumbani, usimwite mvivu, usimkimbize kwa mganga, usimsukume mnadani eti azoee. Mwulize, leo tufike wapi? Akisema mlangoni, simama naye hapo mlangoni na ufunge mdomo wako. Na hospitali mtafute, kuna wanaojua.

Juzi nimekwenda kisimani. Wasichana wakanizunguka na ndoo zao, wanaruka ruka. "Bibi, Bibi, tufanyie yule wa kuhema!" Nikawaambia ni mtu yule, ni mwanangu. Wakacheka, walidhani nimeshaanza. Mmoja akaweka ndoo chini akanionyesha anavyoweza, hee, hee, hee, na macho kayatoa. Alipatia kabisa.

Nimewafundisha mimi. Wewe usianze.