Mpishi wa Maungu Asiyeonja Chakula Chake

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Mbinya Muasya anakata kitunguu katikati, anafumba macho na kukinusa. Ananusa tena. Akisharidhika, anakikatakata na kukitia kwenye mafuta.

"Bado iko," anasema. Si kitunguu anachozungumzia, ni pua yake.

Kibanda chake kiko Maungu, kando ya barabara kuu ya Mombasa, pale madereva wa malori wanaposimama kutafuta chai na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa mbaazi. Amepika hapa miaka kumi na tisa. Lakini ukikaa kumtazama utaona kioja: sufuria inachemka, inatiwa chumvi, inaiva, na mpishi haonji.

Anayeonja ni Silvanus Makokha, dereva wa lori na mteja wa siku nyingi. Anameza kijiko cha kwanza mama mwenyewe akimkodolea macho.

"Iko sawa, Mama Mwende," anasema.

Mpishi gani huyo? Jibu linaanzia mwaka wa 2020, korona ilipoingia.

"Sisi tunaonja na kiganja," Mbinya anaeleza, akikunjua mkono wa kushoto. "Unadondosha mchuzi hapa, unalamba, unajua. Sasa redio inasema usipeleke mkono mdomoni. Na mkono ni huu huu unapokea pesa ya madereva."

Wakati huo madereva, waliodhaniwa kuubeba ugonjwa barabarani, waliogopwa kuliko simba wa Tsavo. Mbinya aliweka sahani juu ya ndoo iliyopinduliwa, akarudi nyuma hatua nne, ndipo dereva achukue. Sahani thelathini za siku zikashuka hadi saba.

Hofu ikamfuata nyumbani. Mumewe, Makau, hufanya kazi katika shamba la mkonge upande wa Mwatate na hurudi Jumamosi. Tangu waoane, wawili hao walikuwa wakila katika bakuli moja la enameli.

"Nikamwambia, Baba Mwende, wewe kula pale mlangoni. Akaenda. Hakuuliza kitu."

Yeye mwenyewe chakula kilimshinda. Mchana hakikupita kooni, jioni alijikuta amesimama jikoni akitafuna mkate mkavu bila njaa. Alipungua kilo tisa. Usingizi ulikuwa wa saa mbili au tatu. "Jirani akikohoa, naamka, naanza kuhesabu pumzi zangu."

Kisha, asubuhi moja ya Juni, kitunguu hakikunukia.

Hapo ndipo alipokosea, na hafichi. Aliogopa kupelekwa karantini, akanyamaza, akapika kwa mazoea ya mkono. Silvanus alionja akasema, "Mama, leo umepika chumvi ukaiongeza mahindi." Madereva wakacheka hadi kushika mbavu. Mbinya hakucheka. Alifunga kibanda siku hiyo hiyo, akakaa ndani siku kumi na nne, Makau akaambiwa kwa simu asije.

Hakupimwa, kwa hivyo hajui hadi leo kama ilikuwa korona. "Hakuna mtu aligonjeka kwa sababu yangu, vile najua. Lakini vile najua ni kidogo."

Pua ilirudi baada ya wiki tatu. Kuiamini kukakataa kurudi, na kuonja akamwachia Silvanus.

Pauline Nabwile, mhudumu wa afya ya jamii, anasema hadithi kama hii ameisikia katika nyumba nyingi za Maungu. "Kuna wenye walikula kila wakiogopa, kuna wenye koo ilijifunga. Ugonjwa ulitulia, mazoea yakabaki. Huyu mama nilimwambia kitunguu anuse tu, haina shida, lakini ale."

Anakula sasa, na kilo zimerudi. Analala saa sita. Ila bakuli la enameli lilibaki chini ya kitanda, na kila Jumamosi Makau huchukua sahani yake na kwenda mlangoni bila kuambiwa.

"Amezoea," Mbinya anasema. "Hiyo ndiyo inaniuma."

Leo ni Ijumaa. Bakuli limesuguliwa kwa majivu na linakauka juani. Kesho anataka wale pamoja, muthokoi wa sufuria hii hii. Anaitazama sufuria kwa muda. Halafu anachota mchuzi, anaudondosha kiganjani, anautazama pia.

Analamba.

Silvanus anaacha kutafuna.

"Chumvi haijafika," Mbinya anasema polepole. "Na wewe umeniambia iko sawa. Miaka hii yote ulikuwa unaniambia iko sawa."

"Ningesema nini, mama?" dereva anajibu, macho kwenye sahani. "Ile siku nilisema ukweli, ukafunga."

Mbinya anamtazama, anacheka hadi machozi yanamtoka, kisha anatia chumvi kidogo na kukoroga. Na kesho je, Makau akienda tena mlangoni?

"Nitamfuata huko huko," anasema. "Na bakuli."