Nilipanda Kiang'ombe Bila Maji

Siku ya kwanza kazini nilipewa panga, koti la mvua na buti za mtu aliyestaafu. Buti zilikuwa kubwa, nikazijaza matambara. Kituo chetu cha misitu kilikuwa juu ya Chogoria, kwenye mlima wenye theluji kileleni, pale mashamba yanapoishia na msitu kuanza. Niliandikwa mlinzi wa msitu, lakini kazi yangu hasa, kama nilivyokuja kuijua, ilikuwa kutunza njia ya wapanda mlima.

Vijana wanadhani njia ya mlimani hujitengeneza kwa miguu ya watu. Ikiachwa msimu mmoja tu, mianzi huiangukia na kuifunga, na mvua huigeuza kijito. Aliyenifundisha alikuwa nyapara wetu, Mzee M'Rithaa, mtu mfupi aliyetafuna miraa tangu asubuhi na kuanza kuongea baada ya saa sita. Alinionyesha kukata mfereji wa kukinga, yaani kijifereji cha mshazari kinachovuka njia ili maji ya mvua yatokee pembeni. Alinionyesha pia kuvunja mteremko, yaani kuipinda njia kwa kona ili magoti yasichoke. Zaidi ya yote alinifundisha kuifuata mito.

"Ukipotea, shuka mpaka usikie maji," aliniambia. "Hii mlima, maji iko kila mahali. Wewe beba sweta."

Nilifanya hivyo miaka kumi na miwili. Sikuwahi kupanda na chupa ya maji, na wageni tuliowaongoza mpaka kwenye maziwa ya juu tuliwacheka kimyakimya kwa mizigo yao. Kubeba maji katika mlima ule ilikuwa sawa na kubeba kuni kwenda msituni. Nilioa, mimi na mke wangu Kagendo tukajenga karibu na kituo, na niliupenda mlima ule kuliko nilivyopenda kukubali mbele ya wenzangu.

Kisha barua ya uhamisho ikaja. Niliitwa Embu, kwa ofisa wa misitu wa mkoa, mtu mrefu aliyevaa suti ya kaunda na kuzungumza bila kupoteza muda. Alisema Kiang'ombe, ule mlima wa Mbeere, haukuwa na njia ya maana. Moto ukiwaka, askari wake waliufikia ukiwa umeshakula ukashiba. Na walimu walikuwa wanauliza kama wanaweza kupeleka wanafunzi kupanda huko.

"Nifungulie njia," alisema. "Nakupa mwaka mmoja. Nikija kuikagua nione iko sawa, nakurudisha Chogoria. Nafasi yako itakuwa wazi."

Nilimwambia Kagendo ni mwaka mmoja tu. Yeye akabaki na watoto na ng'ombe.

Sitadanganya, niliudharau mlima ule. Mtu aliyetoka kwenye theluji, Kiang'ombe ulimwonekea kama kilima kilichosahau kukua. Ukiwa Siakago, mji ulio chini yake, unauona wote, kuanzia migunga na miiba ya chini hadi kofia ndogo ya msitu juu. Mwenzangu wa kazi alikuwa mlinzi mwenyeji aliyeitwa Ireri, mdogo kwangu kwa cheo na kwa umri. Kila tulipopanda alifunga kibuyu cha maji kiunoni. Nilimwuliza kama alikuwa anampelekea mtoto uji. Akacheka, na kesho yake akaja nacho tena.

Ireri alitaka tufuate mgongo wa mlima, kwenye kijia cha warina asali, ambacho kilikuwa kirefu chenye kujipinda. Mimi nilitaka bonde. Mvua za masika zilikuwa zimenyesha, kijito kilikuwa kinapita bondeni kwa kelele, na mimi nilikuwa nimefundishwa kuyafuata maji. Aliponiambia kwamba hayo ni maji ya mvua tu, nilimjibu kwamba nilianza kufungua njia yeye akiwa bado anachunga mbuzi. Kwa miezi mitano tukaifungua. Ilikuwa njia nzuri. Ilikuwa na kona za kupumzisha magoti na mifereji ya kukinga ambayo hata mhandisi angeisifu, ingawa mvua ilikuwa imeshakwisha na hapakuwa na cha kukinga.

Ofisa alikuja kuikagua mwezi wa Septemba. Asubuhi hiyo Ireri alikuja na mtungi wa plastiki wa lita tano. Nilimwamuru auache kituoni. Nilitaka ofisa aone wanaume wa mlimani, si watu wanaotoka kuteka maji.

"Mzee, huku maji tunatoka nayo nyumbani," alisema.

Nikamwambia auache. Akauacha.

Saa nne jua lilikuwa limeshakaza, na bonde lile huzuia upepo. Nilimhakikishia ofisa kwamba kijito kiko mbele. Tulipokifikia kilikuwa mchanga mtupu. Nilichimba kwa panga mpaka kwenye kiwiko, nikapata ubichi, sikupata maji. Ofisa aliacha kutoka jasho. Akaanza kuzungumza habari za watu wasiokuwepo, kisha akaketi na miguu ikakataa kumwinua. Hapo niliogopa kama sijawahi kuogopa. Ireri alishuka mbio kutafuta boma la karibu. Nilimpepea ofisa kwa kofia yangu chini ya mgunga kwa muda uliokaribia saa mbili nzima.

Ireri alirudi na mama mmoja wa hapo chini, amebeba maji na uji mgongoni. Mama huyo alimnywesha ofisa kidogo kidogo, akimnyang'anya kata kila alipotaka kugugumia. Akatazama huku na huku, akauliza ni nani aliyekata njia mahali pale.

"Hata mbuzi hapa hawapiti kiangazi," alisema.

Wiki iliyofuata niliitwa Embu. Nilitegemea kufukuzwa. Ofisa hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alinisogezea barua.

"Rudi Chogoria," alisema. "Kule mito itakuchunga."

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Nilishukuru, nikatoka mpaka kwenye ngazi, barua mkononi, nikasimama. Njia ile ilikuwa bado ipo. Ilikuwa pana, ina kona nzuri, na inamkaribisha kila apitaye. Mwalimu angekuja na wanafunzi wake, aione, aifuate. Nikarudi ndani nikaomba niifunge kwanza, nifungue nyingine juu ya mgongo wa mlima.

"Nafasi ya Chogoria haitakungoja," ofisa alisema.

Nilimwambia najua. Akaichukua barua, akairudisha kwenye droo.

Tuliifunga njia ya bondeni kwa matawi ya miiba na kupanda katani mdomoni mwake. Kisha Ireri akatangulia kwenye kijia cha warina asali, na mimi nikamfuata nikifyeka. Kinapita kwenye jiwe lenye chemchemi ndogo isiyokauka mwaka mzima, na hapo ndipo tulipochonga pa kupumzikia. Tulipomaliza, Chogoria palikuwa na mtu mwingine. Nilikwenda nyumbani kumweleza Kagendo. Alikuwa anamenya ndizi.

"Uliniambia mwaka mmoja," alisema, akaendelea kumenya.

Nilikaa Kiang'ombe miaka kumi na tisa. Nilienda nyumbani mwisho wa mwezi, na watoto wangu walinizoea kama mtu anavyomzoea mjomba. Watu huniuliza kama nilijuta. Nilijuta. Miaka ya mwanzo nilijuta kila asubuhi, baadaye siku za Jumapili tu. Lakini sijasikia mtu aliyezimia kwa kiu kwenye njia yetu, na watu wa Mbeere bado wananiita kwa jina langu.

Nilipostaafu nilirudi Chogoria, na wiki ya pili nikapanda mpaka kwenye lango la wapanda mlima. Askari wa lango, mwanamke wa makamo mwenye adabu, aliniambia sheria ya siku hizi haimruhusu mtu kupanda bila kiongozi.

"Umewahi kupanda, mzee?" aliniuliza.

"Kidogo," nilimwambia.

Nikapewa kiongozi, nikamfuata. Iliniuma. Tulipofika kwenye mianzi njia iligawanyika kuwa mbili, na zote mbili zilikuwa zimefyekwa vizuri. Nilisimama nikazitazama. Kisha nikamwuliza kiongozi wangu ni ipi inayopanda.